Majina Yasiyoandikwa: Juu ya Maneno ya Zamani katika Vibao vya Kuwakumbuka Wamisionari



Kamati ya Jubilii iliponiandikia huku Kamsamba, nyumbani kwangu nilikorudi baada ya kustaafu, iliniomba nichangie kurasa chache za historia kuhusu kibao cha ukumbusho kilichoko ukutani mwa kanisa lenu, upande wa kulia wa mimbari. Kamati ilitaka pia maoni yangu: je, maneno yake yabadilishwe kwa ajili ya sherehe hizi za miaka 100, ama yaachwe yalivyo? Nafahamu kwamba shauri hili limewagawa wazee wa kanisa. Wako wanaosema ni aibu kwa usharika kuendelea kutukanwa na ukuta wake wenyewe. Wako wanaosema kwamba kulifuta neno la kale ni kumvunjia heshima marehemu aliyeacha wazazi wake na nchi yake akaja kufa kwetu. Mimi niliutumikia usharika huu nikiwa mchungaji kijana, nami nina deni juu ya kibao hicho, ambalo ni vema nilikiri mapema.

Wote mnakijua. Ni cha mbao ngumu, herufi zimechongwa, juu Kijerumani na chini Kiswahili cha zamani ambacho rangi yake imefifia. Kinataja jina la mmisionari, mji alikozaliwa, mwaka aliofika na mwaka aliolala. Kinasema alikuja na wapagazi sita, na kwamba aliwaletea nuru washenzi wa nchi hii. Neno hilo moja ndilo lililozusha shauri.

Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji tulipata wageni kutoka Ujerumani. Baada ya ibada mmoja wao alisimama mbele ya kibao, akasoma sehemu ya Kijerumani kwa sauti, nami nikafasiri kwa ajili ya washarika. Alipofika kwenye neno Heiden, nikasema "wenyeji". Nilijua kwamba sivyo. Niliona haya mbele ya wageni, na zaidi niliona haya mbele ya wazee walioketi mabenchi ya mbele. Tulipotoka nje, bibi mmoja mzee sana, ambaye sasa amelala, aliniita kando chini ya mwembe.

"Mchungaji, mbona hukusema washenzi? Kusoma najua."

Nikamwambia, "Bibi, sikutaka kuwaudhi watu."

Akanitazama, akasema, "Neno hilo tumelizoea, mwanangu. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale sita. Pale ukutani anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lile miaka mingi, na haya ninayoandika ni jitihada ya kulijibu, ingawa nimechelewa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa lina historia ndefu kuliko misioni. Wamisionari wa Kijerumani walilelewa katika Biblia ya Luther, na katika Biblia hiyo Heiden ndilo neno linalotumika mara nyingi kwa wale ambao Biblia yetu ya Kiswahili huwaita "mataifa". Someni Isaya sura ya 60: pale ambapo Luther aliandika Heiden, sisi tunasoma mataifa, na hakuna Mkristo wa hapa anayesoma sura hiyo akajiona ametukanwa. Kwa maana hiyo Mjerumani mwenyewe alikuwa Heide kabla ya Injili kumfikia. Lakini wale waliochonga vibao kwa Kiswahili, mara nyingi hawakuchagua mataifa. Walichukua neno walilolikuta likitembea na misafara kutoka pwani. Mshenzi lilikuwa jina ambalo watu wa mwambao waliwaita watu wa bara, wasiokuwa Waislamu na wasiovaa kanzu, wale waliotolewa huko kama pembe za ndovu na kuuzwa. Kwa hiyo katika ubao mmoja tunayo matusi yenye vyanzo viwili: dharau ya Mzungu na dharau ya soko la watumwa, zote zikihudumu mbele ya madhabahu. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadhi ya vijana hudhani kwamba tukimwondoa Mzungu tumeiondoa na dharau. Mwulizeni Mwanda wa bonde la Rukwa aliyepata kwenda kutafuta kazi mjini kama neno lile amelisikia kwa Wazungu peke yao.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, hadi mkoa wa Arusha, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kwamba jiwe linaweza kusema kweli na bado likaficha.

Nilisoma theolojia Makumira. Wachungaji wengi wa Kanisa letu wanajua kwamba chuo kile, kilichohamia pale mwaka 1954 kutoka Lwandai, kiko karibu sana na Akeri, mahali walipouawa wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa vijana kutoka nchi za Baltiki, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Misioni ya Leipzig ilikuwa imefika Kilimanjaro mwaka 1893, ikaanza Machame, kisha Mamba na Moshi. Mwezi wa Oktoba 1896 vijana hawa wawili walipelekwa Meru kuanzisha kituo kipya. Walipiga hema zao Akeri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba askari wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao kama watumishi.

Tukiwa wanafunzi tulikwenda pale kwa miguu siku za Jumapili alasiri. Tulisimama, tukaimba, tukaomba. Tulifundishwa kuwaita wafia dini wa kwanza wa Kanisa la kaskazini, na mimi sina ugomvi na wanaowaita hivyo. Walikuja bila bunduki ya vita, kwa nia njema, na walikufa vibaya. Hilo ni kweli.

Lakini liko lililobaki nje ya hadithi tuliyosimuliwa. Wamisionari hawakuwa wageni pekee Meru usiku ule. Kapteni Johannes, afisa wa jeshi la kikoloni kutoka Moshi, alikuwa amepiga kambi si mbali, akiwa na askari wake. Watu wa Meru walikuwa wamekwisha kusikia yaliyowapata majirani zao: Kibosho mwaka 1891, Moshi mwaka 1893. Walipowaona Wazungu wawili wakipima mahali pa kujenga, na Mzungu wa tatu mwenye bunduki nyuma yao, hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba hao ni watu wa aina mbili. Kisha ikaja adhabu. Johannes alirudi na askari na maelfu ya wapiganaji wa Kichagga. Wameru na Waarusha waliuawa kwa mamia, migomba ikakatwa na kuchomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, wanawake na watoto wakachukuliwa. Na tarehe 2 Machi 1900, Moshi ya Kale, walinyongwa Mangi Meli na viongozi wengine 18, wakiwamo wa Meru na Arusha. Mangi Meli alikatwa kichwa baada ya kufa, nacho kikapelekwa Ujerumani. Wajukuu wake wamekitafuta kwa miaka mingi.

Misioni ilirudi Meru mwaka 1902, Krause na Fickert walipojenga Nkoaranga. Miaka sita tu ilikuwa imepita. Walihubiri kwa watoto na wajane wa wale waliouawa kwa kisasi, na watu wale waliamini. Kila nikifikiri juu ya muujiza wa Injili katika Afrika ya Mashariki, mimi hufikiri kwanza habari hiyo.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Mtu akisimama mbele ya kaburi la wamisionari wawili na kusoma kwamba waliuawa, hasomi uongo. Majina ni yao, tarehe ni ya kweli. Ila wale Wachagga waliolala usiku huohuo, wakikoka moto wa hema hilohilo, sisi wanafunzi hatukufundishwa hata jina moja lao. Wala hatukuonyeshwa mahali pa kuwaombolezea Wameru. Hapakuwa na neno la tusi ambalo tungeweza kulipaka rangi. Kilichokosekana ni majina. Katika miaka ya karibuni wanahistoria wa hapa na wa Ujerumani wamelichunguza upya tukio hilo, nami nashukuru kwamba siku hizi mwanafunzi wa theolojia haendi Akeri akiwa na nusu ya hadithi kama nilivyokwenda mimi.

Pengine mtasema Akeri ni habari ya vita, na kibao chetu ni habari ya amani. Basi nichukue jiwe mashuhuri kuliko yote, ambalo halihusu vita. Ni lile la David Livingstone, London, katika sakafu ya kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa tarehe 18 Aprili 1874. Limeandikwa kwa herufi za shaba. Linasema kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu kwa nchi kavu na bahari. Linasema alitumia miaka 30 kuwahubiri watu wa asili wa Afrika ya Kati, kuzichunguza siri zake ambazo hazijagunduliwa, na kuikomesha biashara ya watumwa. Maneno kama "watu wa asili", kwa namna Waingereza wa siku zile walivyoyatamka, leo yanakwaruza masikio. Na kuhusu siri ambazo hazijagunduliwa, sisi wa bonde la Rukwa tuna la kusema: mwaka 1880 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, aliliona ziwa letu akalibatiza Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji. Wawanda waliokuwa wakivua samaki humo asubuhi ile hawakujua kwamba ziwa lao lilikuwa limefichika.

Lakini angalieni tena ile mikono ya waaminifu. Mikono ya nani? Waliobeba maiti kutoka kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi na maili zipatazo 1,000, walikuwa na majina. Walikuwamo Abdullah Susi na James Chuma, ambao wote wawili baadaye walifariki Unguja. Alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, ambaye alisoma ibada ya maziko ya moyo wa Livingstone chini ya mti, akasafiri na jeneza mpaka Uingereza, akawa mmoja wa walioshika jeneza siku ya maziko. Jiwe la Westminster linataja kijiji cha Chitambo. Waliobeba haliwataji.

Na sasa sikieni habari ambayo ilinifurahisha nilipoisoma kwa mara ya kwanza, hata nikaweka kitabu chini. Pale Chitambo, kabla ya Mzungu yeyote kuweka jiwe lolote, Wainwright alichonga maandishi katika gome la mti ule. Aliandika jina la Livingstone na tarehe, Mei 1873. Na chini ya jina hilo akachonga majina mengine matatu, ya wakuu wa msafara: Yazuza, Mniasere, Uchopere. Mti ulipooza, kipande kile kilikatwa mwaka 1899 na kupelekwa London, na mnara ukajengwa mahali pake mwaka 1902. Kwa hiyo ukumbusho wa kwanza kabisa wa Livingstone katika Afrika uliandikwa na Mwafrika, na Mwafrika yule, akiwa porini, amechoka, ana kisu tu na gome la mti, alipata nafasi ya majina manne. Kanisa kuu la Waingereza, lenye mafundi na shaba, lilipata nafasi ya jina moja.

Wanafunzi wangu wa kipaimara walikuwa wakicheka nilipowalazimisha kusoma sura ya tatu ya Nehemia, ambayo ni orodha ya majina ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, nani alijenga kipande gani, mfua dhahabu huyu, mfanya marashi yule, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Na katika sura ya mwisho ya Warumi, Tertio, aliyeshika kalamu tu, analitia jina lake mwenyewe katika salamu, na Paulo hakumzuia. Nadhani Wainwright alizisoma sura hizo kuliko walioandika jiwe la Westminster.

Niingie sasa katika lile Kamati iliuliza hasa: kufuta, kubadili au kuacha. Makanisa mengine yamekwisha kupita hapa, na ni vema tujifunze kwao, hata kama mfano ninaouleta unatuumiza sisi Walutheri kuliko wengine.

Wittenberg, katika ukuta wa nje wa kanisa la mji alikohubiri Luther mwenyewe, iko sanamu ya karne ya 13 inayowadhihaki Wayahudi kwa namna chafu ambayo sitaieleza katika kitabu cha sherehe. Karne tatu hivi baadaye, mwaka 1570, watu waliongeza juu yake maneno ya kuchongwa, na maneno hayo yalitokana na kijitabu cha Luther cha mwaka 1543 dhidi ya Wayahudi. Yaani maandishi ya kuudhi yalitiwa na wanafunzi wa baba yetu wa imani. Mwaka 1988 usharika wa pale uliweka chini yake, ardhini, bamba la ukumbusho linalowataja Wayahudi waliouawa, na baadaye ukaweka ubao wa maelezo. Myahudi mmoja alikwenda mahakamani akitaka sanamu iondolewe. Tarehe 14 Juni 2022 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ilikataa dai lake, ikieleza kwamba kwa bamba lile na maelezo yale, usharika ulikuwa umejitenga na tusi na kuligeuza kuwa mahali pa onyo.

Nilipoisoma hukumu hiyo niliridhika, kisha sikuridhika. Niliridhika kwa kuwa usharika haukuficha dhambi ya baba zake. Sikuridhika kwa kuwa aliyetukanwa bado alilazimika kupita chini ya tusi ili alifikie onyo. Nikajiuliza kama ningekuwa mimi. Kwa upande mwingine, Berlin walichagua njia ya kuondoa: mwezi wa Agosti 2024 barabara iliyobeba jina la Peters, ambalo Waafrika walilijua kama la Carl Peters aliyewanyonga watu Kilimanjaro, iligawanywa, kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji na kingine kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Barabara si kaburi. Kuipa jina ni kutoa heshima kila siku, kwa hiyo kuliondoa ni haki. Ndivyo ninavyoona.

Hapo ndipo nilipopata mpaka wangu, nami nawapeni kwa ajili ya shauri lenu. Kaburi lisiguswe. Aliyelala pale aandikiwe kama walivyomwandikia waliomzika, hata kama walimwandikia kwa ujinga, kwa maana maneno yale ni ya waombolezaji na siku yao imepita. Lakini ukuta wa ndani wa kanisa si kaburi. Ukuta ulio karibu na mimbari nao unahubiri, na mtoto anayejifunza kusoma wakati wa mahubiri marefu (nami najua mahubiri yangu yalikuwa marefu) husoma kilichoko ukutani. Haifai mtoto ajifunze silabi za neno washenzi mahali anapopokea baraka.

Kwa hiyo nashauri kibao kisifutwe wala kisichongwe upya, ila kitolewe pale kilipo na kiwekwe barazani au katika chumba cha sakristia, pamoja na karatasi ya maelezo inayosema neno lile lina maana gani na lilitoka wapi. Najua baadhi ya wazee wangependa fundi alikwangue neno moja tu na kuchonga "watu" badala yake. Ndugu zangu, ndivyo hasa nilivyofanya mimi kwa mdomo siku ile mbele ya wageni. Nililiondoa tusi, na nililiondoa kwa ajili ya faraja yangu na ya wageni. Yule bibi hakufarijika, kwa sababu hakuwa amelalamikia neno. Tukibadili neno tu, tutakuwa na kibao safi kinachosema mtu mmoja aliwaletea watu nuru akiwa na wapagazi sita.

Wala tusidhani kwamba tunamtendea mmisionari huyu ubaya. Nitawatajia mmoja wa jirani zetu. Traugott Bachmann, wa Kanisa la Moravian, alianzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899 na kukaa huko mpaka vita vilipomwondoa mwaka 1916. Alipofika alikuwa mkali juu ya desturi za Wanyiha kama wenzake wote. Lakini alikaa nao, akajifunza lugha yao hata akatafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, na kadiri alivyozidi kuwaelewa ndivyo alivyozidi kuyatilia shaka mambo aliyoyakataza mwanzoni, hata wakubwa wake wakasumbuka. Kumbukumbu za maisha yake zilipochapwa Ujerumani, kitabu kilipewa jina lenye maana mbili katika Kijerumani: kwamba alisukuma mambo mengi mbele, na kwamba aliwakwaza wengi. Mmisionari aliyeweza kuyabeba maneno hayo juu ya jalada la maisha yake hangekasirika tukisoma kibao chake kwa macho mapya. Sioni kwa nini tumdhanie wa kwetu kuwa mdogo kuliko huyo.

Na wako wamisionari waliotuachia majina. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian katika nyanda hizi, aliketi na wanawake waliopitia utumwa na vita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Ndiyo maana leo tunamjua Narwimba, tunamjua Chisi, tunajua waliuzwa wapi, walitoroka vipi, walizaa nani. Hawakuwa wake wa machifu wakuu wa kuandikwa katika vitabu vya shule. Mtu aliwauliza tu, na akaandika.

Hapa Kamsamba, kabla ya daraja la Momba kujengwa, tulivushwa kwenda Kilyamatundu kwa mtumbwi, na wakati wa masika mto ule haukuwa na mzaha, mamba nao walikuwamo. Wachungaji, waalimu, wauguzi, wanasiasa, sote tulivushwa. Daraja lina kibao chake, kama ilivyo ada. Wale wapiga kasia mimi bado nawakumbuka kwa sura, na wawili kwa majina, na nikifa majina hayo mawili yatakwenda nami nisipoyaandika. Nimeyaandika mwaka huu, katika ukurasa wa mwisho wa daftari langu la mahubiri. Ilinichukua dakika moja.

Basi, juu ya wale sita. Kwa msaada wa katibu wa usharika nimepitia vitabu vya ubatizo na vya ushirika vya miaka ya mwanzo, ambavyo mchwa wamevila pembeni lakini si katikati. Ubatizo wa watu wazima wa kwanza umeandikwa kwa mkono wa mmisionari mwenyewe, na penye baadhi ya majina ameandika pembeni neno la Kijerumani lenye maana ya mpagazi. Kwa njia hiyo tumewapata wanne. Mmoja wao, kwa jina la binti yake lililoandikwa miaka kumi na mitano baadaye katika kitabu hichohicho, ni baba wa yule bibi wa chini ya mwembe. Nilimwonyesha mjukuu wake ukurasa ule. Aliweka kidole juu ya jina, hakusema kitu, akaniomba tumsomee tena.

Wawili hawajapatikana. Inawezekana hawakubatizwa, au walirudi kwao baada ya kushusha mizigo. Wasipokuwa Wakristo pia ni wa kwetu, kwa kuwa mizigo ile ilikuwa na Biblia ndani yake.

Kamati imekubali kwamba kibao kipya kitakachowekwa ukutani kiwe na jina la mmisionari na majina ya wapagazi yakifuatana kwa herufi za ukubwa mmoja, bila cheo. Nafasi mbili za mwisho zitaachwa wazi. Fundi ataanza kuchonga baada ya sikukuu. Yeyote aliyesikia kwa babu au bibi yake habari za mtu aliyebeba mizigo ya mzungu wa kwanza kuja hapa, hata kama anajua jina la utani tu au jina la kijiji alikotoka, amwone mzee wa kanisa wa mtaa wake, au anipigie mimi huku Kamsamba. Namba yangu iko kwa katibu wa usharika.